Sauti ya Kupimia

Bweni la wasichana
Jumapili, 3 Machi

Kaka,

Shikamoo, na pole kwa kifua. Shangazi ameniambia kikohozi kimepungua kuliko mwezi uliopita, na kwamba umeshagombana na nesi wa zamu kuhusu dirisha. Niliposikia hilo la dirisha nikajua unapona.

Mimi nimefika salama. Nina wiki moja hapa na sidhani kama nimesema maneno zaidi ya ishirini, na nusu yake ni "samahani". Darasani naelewa kila kitu. Hiyo lugha ya shule naiandika vizuri tu, unajua mwenyewe. Lakini mwalimu akitaja jina langu, kichwa kinaingia ndani, na lugha zote mbili, ya nyumbani na ya shule, zinanifungia mlango kwa pamoja. Siku ya tatu wakawa wameshanibandika jina, na ni lile lile ulilonibandika wewe nikiwa na miaka minne. Sikuwaambia mimi. Wameliona wenyewe.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumatatu Mkuu wa Shule aliniita ofisini, na Mwalimu wa Bendi alikuwepo. Wakanieleza masharti taratibu, kama watu wanaomwelekeza mgeni njia. Nafasi niliyoingilia ni kiti chako cha zumari. Bendi ina kiti kimoja tu cha zumari, na kitanda cha bweni kinakwenda pamoja na kiti. Wamekubali nikishike kwa muda kwa sababu uliugua katikati ya masomo, na kwa sababu Shangazi aliwaapia kwamba kipaji kimo kwenye damu. Shangazi huyu huyu asiyeweza hata kupiga mluzi. Jumamosi ya tarehe ishirini Aprili watakaa ukumbini kunisikiliza. Nikitoa ile sauti ambayo bendi nzima hujipimia kabla ya kuanza, naandikwa kitabuni. Nisipoitoa, nafunga sanduku. Na huko nyumbani shule inaishia darasa lile nililomaliza. Baada ya hapo ni kukunja mashuka na Shangazi kwenye dobi la hospitali.

Sauti moja tu, Kaka. Wimbo hawautaki. Lakini nimepuliza siku sita na kinachotoka ni upepo mtupu. Lile tete, vile vipande viwili vya mwanzi mlivyovifunga uzi na kuvichomeka juu ya zumari, nimeliweka mdomoni kwa kila namna niliyoifikiria. Linanitekenya midomo na kukaa kimya. Tumefanana, mimi na hilo tete.

Na nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Hata hiyo sauti naiogopa. Katika vyombo vyote kwa nini iwe zumari ndiyo inayosubiriwa? Watu arobaini wananyamaza, wanakutazama wewe peke yako, halafu wanajipima kwako. Wewe ulikuwa unalipenda hilo, ulikuwa unanyoosha shingo kama jogoo. Mimi nikilifikiria tu naanza kutazama mlango uko wapi.

Mwalimu wa Bendi ni mtu wa tarumbeta, zumari haijui. Aliponiuliza nani atanifundisha, nikasema wewe, kwa barua. Ilinitoka tu. Sasa itabidi iwe kweli. Dereva wa gari la mkate anapita hospitali asubuhi na kufika hapa mchana kila Jumatano, amekubali kubeba barua zetu kwenda na kurudi. Nieleze kila kitu kama unamweleza mtu asiye na akili.

Mdogo wako,
Kobe

*

Wodi ya kifua
Jumanne, 12 Machi

Kobe,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya nne nimemsomea mzee wa kitanda cha pili, aliyekuwa kinyozi. Amecheka hapo kwenye mluzi wa Shangazi mpaka nesi akaja kuangalia kama ni kucheka au ni mambo mengine. Kwa hiyo tayari umeshatibu mtu mmoja.

Huku siku zinafanana kama sare. Saa kumi na mbili kipimajoto, saa mbili vidonge saba, saa nne daktari na kundi lake wanapita wakinitazama kama mtumba. Dirisha linafunguliwa nusu. Nikisimama kwenye ncha ya kitanda naona bomba la dobi likitoa mvuke, najua Shangazi yuko chini yake. Miezi mitatu naona bomba hilo. Nimeshalijua kuliko uso wangu.

Haya, tufanye kazi. Kwanza tete. Liloweke kwenye kikombe cha maji tangu unapolala mpaka asubuhi, lilainike kabisa. Pili, lishike kwa meno ya mbele, tena kwa nguvu, usilionee huruma. Tete ni kama punda, lazima lijue nani bwana. Tatu, jaza hewa mashavuni mpaka yavimbe, halafu sukuma yote kwa mpigo mmoja. Isipotoka, ongeza meno.

Usikate tamaa ikichelewa. Zumari si filimbi ya refa. Kuna watu wamehangaika nayo mwaka mzima.

Na Mwalimu anasemaje juu yangu? Siku nilipoondoka alinishika bega akasema, bila wewe hatuna mpiga zumari. Kwa hiyo nadhani hata wewe ikikushinda, watakiacha kiti kinisubiri. Watafanyaje, na hawana mwingine? Muulize kwa upole. Usiseme nimekutuma.

Kakako

*

Jumapili, 17 Machi

Kaka,

Shikamoo.

Nimefanya kama ulivyosema, neno kwa neno. Tete la kwanza nililoweka nikalala. Asubuhi nikalikuta limevimba, limeachama kama mdomo wa samaki. Nikaliuma, likapasuka katikati. Kwenye sanduku la zumari yalikuwepo matatu, sasa yamebaki mawili, na la pili lina alama za meno yangu utadhani limetafunwa na panya.

Mdomo wa chini umechanika kwa ndani, chai naipoza kwanza. Nikijaza mashavu na kusukuma, macho yanaona nyota. Juzi nilipuliza mpaka nikakaa chini bila kupenda, kwenye chumba cha mazoezi, na wasichana wawili wa ngoma wakanikuta hapo sakafuni na zumari mapajani. Mmoja akamwambia mwenzake, "Kobe kapata pancha." Sasa nina jina la pili. Nikipita wanafanya fsss kwa meno.

Kosa ni langu, najua. Pengine siumi inavyotakiwa. Wewe ulikuwa unapiga huku umefumba macho kama mtu anayekunywa maji, mimi nakuwa kama mtu anayehamisha kabati. Niambie ninachokosea.

Kuhusu kiti, bado sijamuuliza Mwalimu. Nilisimama mlangoni kwake mara mbili. Mara ya pili akaniuliza kama nimepotea, nikasema ndiyo.

Zimebaki wiki tano kasoro siku moja.

Kobe

*

Wodi ya kifua
Jumanne, 26 Machi

Kobe,

Samahani nimechelewa, wiki iliyopita walinipeleka kupigwa picha za kifua na gari la mkate likanipita.

Pole kwa mdomo. Ni dalili kwamba unaendelea vizuri, hata mimi ulinichanika. Hilo tete lenye alama za meno, chukua wembe ulikwangue nchani mpaka liwe jembamba kama karatasi. La tatu usiliguse kwanza. Uzidi kuuma, uzidi kusukuma. Ukiona nyota ujue unakaribia.

Na usijilaumu sana. Ikifika tarehe ishirini haijatoka, haijatoka. Si kila mtu ameumbiwa zumari, na hakuna atakayekula nyama yako. Utarudi kwa Shangazi mwaka mmoja tu, mimi nikishapona narudi kwenye kiti, halafu tutatafuta njia yako nyingine. Nimeshaipanga yote humu kichwani. Nina muda wa kupanga, si unajua.

Kinyozi anakusalimu. Amehamishiwa kitanda cha karibu na mlango, kwa hiyo sasa upande wangu wa kulia kuna kitanda kitupu, halafu ukuta.

Kakako

*

Jumamosi, 30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii ni yako peke yako, isome ukiwa dobini, si wodini. Wiki hii gari la mkate limekuja na leo pia, nimemwomba dereva akupe mkononi.

Sijui nianzie wapi kwa hiyo naanzia stoo. Alhamisi nilikwenda kumwomba Mama Funguo wembe. Ndiye mama anayetunza stoo ya vyombo vya bendi, tunamwita hivyo kwa sababu anasikika kabla hajaonekana. Akauliza wembe wa nini. Nikamwonyesha tete. Akalitazama, akanitazama mdomo, halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia. Akasema, "Mwanangu, unalipiga au unalila?"

Akanivuta mpaka kwenye kabati la zumari. Ule mlango wake, kwa upande wa ndani, umebandikwa karatasi. Ni maelekezo kwa atakayeanza kupiga zumari. Yameandikwa kwa lugha ya shule, kwa hati nzuri iliyolala kulia, kila nukta mahali pake. Yanasema tete lilowe dakika tatu tu, likizidi hapo linaharibika. Yanasema usiliume kamwe, meno yasiliguse. Midomo ikunjwe kidogo kufunika meno, kama bibi kizee asiye na jino hata moja, na tete lilale juu ya mdomo wa chini bila kubanwa. Mashavu yasivimbe. Pumzi iwe ndogo, itoke tumboni, isisukumwe. Na kabla ya yote, toa kwanza hewa yote ya zamani iliyomo kifuani, maana zumari inakula hewa kidogo sana, na inayobaki ndiyo inayomkaba mpigaji.

Mama Funguo akaniuliza kama naujua mwandiko huo. Nikasema siujui.

Shangazi, ni wa Kaka. Tarehe ya chini ni ya mwaka jana. Anajua kila kitu, tangu zamani anajua, na mimi amenieleza kinyume chake, kimoja kimoja. Sijakosea kusoma. Barua zake mbili nimeziweka pale kando ya karatasi nikalinganisha kwa kidole. Kwa lugha ya shule aliwaambia kweli watu asiowajua. Kwa lugha ya nyumbani amenidanganya mimi.

Nikachukua lile tete la tatu. Nikalilowesha dakika tatu, Mama Funguo akihesabu kwa saa yake. Nikafunika meno. Nikatoa hewa yote mpaka nikahisi niko mtupu, nikavuta kidogo, nikapuliza kama mtu anayepoza kijiko cha uji.

Ikatoka.

Ilikuwa mbaya, Shangazi. Ilikuwa kama bata anayelalamikia kodi. Lakini ilikuwa sauti, na ilitetemeka mpaka kwenye mifupa ya masikio, na nilipoacha kupuliza chumba kiliendelea kuwa nayo kidogo. Mama Funguo akapiga makofi mara moja, pa. Mimi nikalia. Yeye akadhani ni furaha, akanipa upande safi wa kitambaa cha kufutia vyombo.

Nimeshajua kwa nini alifanya hivyo. Anaamini ikinishinda kiti kitamsubiri. Hajui, na mimi nimeogopa kumwambia, kwamba siku ile ya kwanza Mkuu aliniambia yupo msichana wa darasa la chini yangu, mwenye miwani, ambaye ameshajifunza zumari kwao na anangoja tu. Nikishindwa kiti kinaondoka kwetu siku hiyohiyo, hakisubiri mtu. Nikimwambia hivyo namzimia taa. Nikimwambia nimeona karatasi, atajua kwamba namjua. Nikinyamaza nikashindwa, tunakosa wote wawili. Nikishinda, ni kama nimemtoa mgonjwa kwenye kiti chake akiwa hawezi hata kuinuka.

Nikupe siri hii uishike kwa muda? Usimwambie kwamba imetoka.

Mwanao,
Kobe

*

Dobini
Jumanne, 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa na pasi mkononi na nimeunguza foronya ya wodi ya wazazi. Umenitia matatani kwa msimamizi, lakini si neno.

Mnanifanya ghala, wewe na kaka yako. Kila mmoja analeta gunia lake la siri anaweka, anasema Shangazi usimwonyeshe mwenzangu. Sasa limejaa, na mimi mlango wangu wenyewe haufungi vizuri. Kwa hiyo nakuambia nililonalo, na yeye alinikataza nisikuambie.

Zile picha za kifua majibu yalitoka Ijumaa. Nilikuwepo, nimepeleka mashuka, daktari akanisimamisha pale pale na toroli langu. Amesema atapona, ataishi, atatembea, atafanya kazi ya kukaa. Lakini pafu la kushoto nusu yake haifanyi kazi na haitafanya. Asipulize kitu tena. Daktari alisema hata jiko la mkaa asipulize. Kaka yako akasikiliza yote, akauliza swali moja tu, kama dirisha linaweza kufunguliwa zaidi. Halafu akageukia ukutani. Mpaka leo yuko hapo. Chakula anakula akiwa ameupa ukuta uso.

Kwa hiyo alipokudanganya alikuwa bado ana tumaini. Sasa hana tumaini na uongo bado anao. Sijui utamsamehe lini, hilo ni lako. Mimi nilipoolewa mara ya kwanza nilikaa miaka sita na uongo mmoja mdogo kuhusu umri wangu, na nikuambie, mwenye uongo ndiye anayefungwa nao. Mwingine anakuja na kuondoka.

Ungetaka nikuambie la kufanya. Sina. Mimi najua kutoa madoa ya damu na ya iodini tu. Ila sitamwambia lako, kama vile sikupaswa kukuambia lake. Mkae nayo wenyewe. Kula ushibe.

Shangazi yenu

*

Jumapili, 7 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Habari za huko.

Bado haijatoka. Nimeuma, nimesukuma, nimekwangua kwa wembe kama ulivyosema. Inatoa upepo tu. Naendelea kujaribu.

Hali ya hewa ni nzuri. Tunasoma jiografia ya mito.

Nina swali moja. Hivi ungekuwa wewe ndiye mdogo, na mimi ndiye niliyelala huko, na ukawa umebakiza siku kumi na tatu, ungetaka nikuambie nini?

Nijibu kabla ya tarehe ishirini. Hata kama ni mstari mmoja.

Kobe

*

Wodi ya kifua
Jumatano, 17 Aprili

Kobe,

Nimeandika barua hii mara nne tangu Alhamisi iliyopita na mara tatu nimeichana. Asubuhi hii nimeimaliza gari la mkate likiwa limeshatoka getini. Nimelisikia likibadilisha gia. Kwa hiyo hutaisoma kabla ya Jumamosi, na nadhani sehemu fulani ndani yangu ilitaka iwe hivyo. Naliandika hilo pia, maana nimeamua kuandika yote.

Nilikudanganya. Kila nilichokuelekeza ni kinyume. Tete huloweshwa dakika tatu tu. Meno hayaligusi, midomo ndiyo inayoyafunika. Mashavu hayavimbi. Unatoa kwanza hewa yote ya zamani, unavuta kidogo, unapuliza kidogo, kwa tumbo. Ndiyo hayo tu. Ungefuata hayo, ingetoka siku ya kwanza. Una midomo mizuri kwa zumari, niliiona tangu ukiwa mdogo ukinuna.

Nilidhani ikikushinda wataniwekea kiti. Nilikuwa nimelala hapa nikihesabu tu siku za kurudi, na barua yako ilipofika nikaona mtu ameingia chumbani kwangu na kukaa kitandani. Mtu mwenyewe ni wewe, ambaye hata samahani huisemi bila kutazama chini. Niliandika ile barua ya kwanza nikicheka. Niliposoma kwamba mdomo umechanika sikucheka. Lakini nikakuandikia habari ya wembe.

Na sasa daktari amesema sipulizi tena. Nilijua hilo tangu mwisho wa Machi. Ningeweza kukuandikia siku hiyo na muda ungetosha kabisa. Sikuandika kwa sababu ningeandika nini? Kwamba sasa kiti hakinifai, kwa hiyo nakurudishia? Kila nikishika kalamu naona ningekuwa nakupa masalio. Nikageukia ukuta. Ukuta hauulizi.

Swali lako la tarehe saba nalisoma kila asubuhi. Nadhani unajua kitu. Kama unajua, basi umenipa mlango nami nimeupita bila kuingia, wiki nzima.

Sikuombi kitu kuhusu hilo. Nauliza moja tu: siku ya wageni, Jumapili ya mwisho wa mwezi, utakuja?

Kaka

*

Jumamosi, 20 Aprili, mchana

Kaka,

Jumatano dereva alipakua mkate wote nikiwa nimesimama kando yake, na hukuwa umenijibu. Kwa hiyo nakuandikia sasa hivi kabla sijatulia, maana nikitulia nitakuficha tena.

Najua. Nimejua tangu tarehe ishirini na nane Machi. Karatasi yako bado iko kwenye mlango wa kabati la zumari. Uliisahau, au ulidhani sitafika stoo kwa sababu kufika stoo kunahitaji kuongea na mtu. Najua pia alichosema daktari. Usimgombeze Shangazi. Na ile barua yangu ya tarehe saba ilikuwa uongo mtupu kuanzia "bado haijatoka" mpaka mito.

Leo nilipoingia ukumbini nilikuwa nimeshaamua nisipulize. Nilijiambia kwamba kiti kikiondoka, kiondoke kwa mtu asiyekujua, si kwa mkono wangu. Yupo msichana wa miwani anayekingoja kiti hiki, nilikuficha; alikuwa amekaa mstari wa mbele, tete mdomoni, ameshalilowesha. Bendi nzima ilikuwa na vyombo mapajani. Mkuu alikuwa mezani. Nikasimama. Wakanyamaza. Ndiyo ule ukimya wenyewe, Kaka, na ni mzito kama nilivyoufikiria.

Halafu Mwalimu wa Bendi akasimama ili kunitia moyo. Akawaambia kwamba mimi nimefundishwa na kaka yangu, mgonjwa, kutoka kitandani, kwa barua, na kwamba wao wenye walimu wanaowaona kwa macho waone aibu. Wakakupigia makofi. Wewe. Wengine walisimama. Msichana wa ngoma aliyeniita pancha alikuwa anafuta machozi.

Nilipata hasira ambayo sikujua ninayo. Ilianzia magotini. Nilikuwa nangoja nione aibu kama kawaida, nikangoja, haikuja. Nikatoa hewa yote ya zamani mpaka Mkuu akainua uso kutazama kama naumwa. Nikavuta kidogo. Nikapuliza.

Haikutetemeka. Ilitoka imenyooka, nikaishika. Filimbi zikaja, kisha tarumbeta, kisha vile vikubwa vya nyuma, kila mmoja anapapasa anapanda anashuka mpaka ananikuta. Nilitaka kuacha. Pumzi iliyobaki ilikuwa imenijaa kifuani haina pa kutokea, masikio yanagonga, lakini watu arobaini walikuwa wamenishikilia na sikujua mtu anaachaje. Mwalimu ndiye aliyenionyesha kwa mkono kwamba inatosha.

Sasa sikia lililofuata, maana sitaki ulisikie kwa mwingine. Mkuu alifungua kitabu cha viti. Mstari wa zumari una jina lako, wino wa bluu. Akanipa kalamu na rula. Akasema hapa anayeingia ndiye anayemfuta anayetoka, ndivyo imekuwa tangu shule ilipofunguliwa, na hata wewe ulimfuta mtu. Nikasema siwezi. Nilisema kwa sauti, kwa lugha ya shule, mbele ya wote, ndiyo sentensi yangu ya kwanza ndefu hapa. Akasema, "Basi hujaingia." Yule wa miwani alikuwa bado hajalitoa tete mdomoni.

Nikaweka rula juu ya jina lako. Nikapiga mstari. Nikaandika langu chini yake.

Nilidhani mkono utakataa, Kaka. Nikautazama nione utafanya nini, ukapiga mstari ulionyooka kabisa. Nimekasirika nawe na nimekulilia, vyote leo, na bado sijui kipi kilishika rula.

Kwa hiyo nimeandikwa. Kila siku saa tisa watanyamaza na kunitazama, mpaka nimalize shule, miaka mitatu. Wote wananipongeza. Naona kama mtu aliyehangaika kuingia chumbani, akaingia, ndipo akasikia ufunguo ukizungushwa kwa nje.

Kobe

Jumatano, 24 Aprili

Dereva ameleta barua yako leo, hii ikiwa bado mfukoni mwangu. Nimeisoma nyuma ya jiko nikiwa nimesimama. Nilitaka kuichana hii yangu niandike nyingine yenye huruma zaidi. Nimeiacha ilivyo. Tumeshaandikiana vya kutosha vilivyosafishwa.

Uliyosema kuhusu midomo na pumzi ni sahihi.

Jumapili nitakuja. Shangazi anasema wageni wa wodi ya kifua wanasimama nyuma ya kioo, na kioo chenyewe ni kinene, hakipitishi neno. Afadhali. Nisingejua niseme nini, na wewe ungeanza mizaha. Geuka tu kutoka ukutani nikikufikia. Mimi nitasimama hapo mpaka kengele ya wageni igongwe.

Kobe